Mnaficha Koili, Wao Wanaficha Mita

Jengo letu limeshika mkia. Karatasi ya kijani imebandikwa kwenye mlango wa jiko, inaonyesha kila hosteli ilivyotumia umeme mwezi uliopita, na sisi ndio wa mwisho kabisa. Wenzetu wa jengo la pili wameshinda, zawadi yao aiskrimu. Aiskrimu, mwezi wa pili, kaskazini mwa Uingereza! Nikacheka, kisha nikaudhika, na jioni ile nikajikuta nazima taa ya korido ambayo wala sikuiwasha mimi.

Mchezo huu wa kushindanisha hosteli ulianzia Chuo Kikuu cha East Anglia, Norwich, mwaka 2006, ukasambaa vyuo vingi vya hapa. Kilichonishangaza ni kwamba mwanafunzi wa hosteli hapa haoni bili ya umeme. Imo ndani ya kodi ya chumba. Awashe asiwashe, analipa ileile. Yaani hali yake ni sawasawa na ya kwako wewe uliyeko bwenini huko nyumbani Tanzania.

Najua mmeshaanza: "Huyu kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kuzima taa." Tulieni kwanza. Sijasema Waingereza wana akili kutuzidi. Hawahawa hufungua dirisha kwenye baridi kali huku hita ya ukutani inawaka, eti chumba kimekuwa cha moto mno. Tena mtu mmoja wa hapa anakula umeme mara nyingi kuliko Mtanzania, kwa hiyo hotuba za kumtaka mtoto wa Tandahimba aokoe dunia kwa kuzima balbu sitazitoa mimi. Ningeona aibu.

Na kubana matumizi, nani wa kutufundisha? Mama mwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, anajua uniti zilizobaki kuliko anavyojua salio la simu yake. Nyumba iliyo D1, daraja la bei nafuu la watumiaji wadogo, inaogopa kuvuka uniti 75 kwa mwezi kama inavyoogopa mwenye nyumba. Nguo za wiki nzima zinapigwa pasi Jumapili. Ukisahau taa ya choo, utaisikia sauti ya mama hadi kwa jirani. Sasa mtoto aliyelelewa hivyo avuke geti la chuo: muhula wa kwanza haujaisha, kanunua koili ya umeme ya kupikia kwa siri chumbani, taa inawaka mchana kutwa, spika inaimbia kitanda kitupu. Hajabadilika tabia. Amehamia mahali ambapo uniti hazionekani, na kisichoonekana kikipungua ni cha serikali.

Tuhesabu kidogo. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula uniti moja. Maharage ya saa tatu, uniti tatu. Uniti hizo tatu zingewasha balbu ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 300. Halafu ukutani wamebandika "Zima taa unapotoka"! Balbu inasingiziwa, koili iko chini ya kitanda, na ukumbini kiyoyozi kinapoza hadi nje kwa sababu madirisha hayafungi.

Chuo nacho dawa yake ni msako. Mlinzi anagonga, koili inatumbukizwa kwenye ndoo ingali nyekundu, chumba kizima kinanuka waya ulioungua. Ikikamatwa, wiki ijayo imenunuliwa nyingine, maana boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limekata na mtu lazima ale. Hapa hostelini kwetu Uingereza kila ghorofa ina jiko la pamoja, na jiko la kupikia lenyewe linajizima baada ya muda hadi ubonyeze tena. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage yaleyale bila kufikisha hata uniti moja. Na serikali yetu ndiyo inayotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Basi mbona anayepikia umeme bwenini ananyang'anywa sufuria? Wekeni majiko ya pamoja yenye waya salama, muone koili zitamkosa mnunuzi.

Mwingine atasema umeme sasa ni bwerere. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, na 2024 tuliambiwa umeme umezidi hadi mitambo mingine ikazimwa. Ni kweli, na mimi kama Mtanzania najivunia bwawa lile, huku nalitaja kila nikipata nafasi mpaka wenzangu wa jikoni wamenichoka. Lakini bwawa halilipi bili ya chuo. Hela inayoiwashia korido taa saa sita mchana ndiyo hiyo ingebadilisha taa zilizoungua pale kwenye vimbweta, zile meza na viti vya kusomea nje, ambako watu wanapiga msuli wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, kwa tochi za simu.

Halafu kuna wale wa "tufunge LUKU kila chumba". Hapana jamani. Mtoto wa mkulima atasoma gizani wakati mtoto wa mheshimiwa anapiga pasi soksi. Sitaki mtu atozwe hata senti. Nataka namba. Kila bweni liwe na mita yake, na kila Jumatatu namba ibandikwe pale pale yanapobandikwa matokeo, bweni kwa bweni. Mafundi wa kufunga hizo mita tunao, tumewasomesha wenyewe pale uhandisi. Kwa jinsi mabweni yetu yanavyotaniana kwenye mpira, mimi sina wasiwasi kama watu watashindana, tena bila aiskrimu.

Kwa hiyo wagombea wa serikali ya wanafunzi mwaka huu, mtuache na ahadi za intaneti ya kasi. Nendeni ofisi ya majengo mkaulize bweni lenu lilitumia uniti ngapi mwezi uliopita. Mkijibiwa hakuna anayejua, au kwamba hiyo ni siri, njooni mtuambie hadharani kabla hatujapiga kura.