Casket, mortician na wenzao: maneno ya msiba ya Kiingereza na bei zake

Kuna hoja inapendwa sana na wanaofuatilia Kiingereza, kwamba wenye lugha yao wamelainisha maneno ya msiba ili wafiwa wapigwe hela vizuri. Zamani ilikuwa coffin (jeneza) na undertaker (mzishi), biashara ya mazishi ilivyonoga Marekani yakaja majina mapya ya vitu vilevile, casket kwa jeneza, mortician na funeral director kwa mzishi, na jina likipanda cheo bei nayo inapanda. Hoja ina nguvu, ila kuna kipande inakiruka.

Nguvu yake iko kwenye casket. Coffin asili yake ni Kigiriki, kophinos, yaani kikapu tu. Casket ilikuwa kijisanduku cha kuwekea vito, karne ya 19 wauza majeneza wa Marekani wakalibeba hilo jina wakalipachika kwenye jeneza la pembe nne, na tayari mwaka 1863 mwandishi Nathaniel Hawthorne alikuwa analalamika kwamba neno lenyewe linamfanya mtu aone kinyaa hata kuzikwa. Mortician ndo kali zaidi, limetungwa 1895 kwa kuiga physician, mzishi nae aonekane wa kada moja na daktari. Na ukiambiwa unachagua "kasha la vito" la mama yako, utaanzaje kuuliza kama kuna la bei ya chini? Mamlaka ya biashara ya huko, FTC, inasema casket la kawaida linazidi kidogo dola 2,000 na yapo ya shaba au mbao za mahogani yanafika 10,000.

Sasa upande wa pili. Kulainisha neno la kifo si lazima uwe mwizi, sisi wenyewe ukimwambia mtu "baba yako amekufa" watu watakushangaa, unatakiwa useme amefariki au ametutoka, na hapo hakuna anayeuza kitu. Undertaker lenyewe lilikuwa fumbo toka mwanzo, maana yake ni mtu aliyechukua jukumu, jukumu gani halisemwi, likaja kuganda kwenye mazishi karne ya 17. Kwahiyo hao wanaosema zamani maneno yalikuwa wazi wanaipamba tu hiyo zamani.

Afu kuna mortuary, na hili kwangu ndo linavuruga hoja nzima. Leo ni chumba cha maiti, ila Uingereza ya zamani mortuary ilikuwa ndo malipo yenyewe, kitu ambacho padri wa parokia anachukua kwenye mali ya marehemu. Hakuna kulainisha hapo, gharama imekaa ndani ya jina. Je watu walinusurika kupigwa hela? Mwaka 1511 mfanyabiashara wa London, Richard Hunne, alifiwa na mtoto mchanga, padri akadai kile kitambaa alichobatiziwa mtoto kiwe mortuary, Hunne akagoma. Kesi zikafuatana, akashtakiwa uzushi wa dini, yaani kupinga mafundisho ya kanisa, Desemba 1514 akakutwa amening'inia kwenye chumba cha gereza la askofu pale St Paul's, kanisa kuu la London, jopo la uchunguzi likasema kauliwa, kanisa nalo likaendelea kumhukumu akiwa maiti na mwili ukachomwa. Yote hayo yalianzia kwenye kitambaa cha mtoto bana.

Kilichopunguza makali hakikuwa neno jipya, ilikuwa sheria ya Uingereza ya 1529 iliyoweka viwango vya mortuary, marehemu mwenye mali ya pauni 40 na zaidi mwisho shilingi 10, na mtoto hadaiwi kitu.

Ndo maana mimi naona wanaopigana na casket wanapiga kivuli. Marekani ilipoamua kuwabana wauzaji mwaka 1984, FTC haikugusa jina hata moja, ilisema mteja apewe karatasi yenye bei ya kila kitu, akipiga simu ajibiwe bei, na muuzaji asidai kwamba jeneza fulani litahifadhi mwili usioze. Baadae, 1994, wakaongeza kwamba ukileta jeneza ulilonunua kwingine usitozwe ada ya kulileta. Suala la wauzaji kuweka bei kwenye tovuti zao ndo lilibaki kiporo, mpaka 2022 FTC walikuwa bado wanakusanya maoni kama walazimishe au waache.