Kwa Mkapa: tatizo ni matamasha au ni ratiba?

Nyasi za kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa hapa Dar es Salaam, zikianza tu kuonyesha mabaka, mitandaoni wanatoka watu wa aina mbili. Wa kwanza wanasema uwanja wa taifa uachiwe mpira, tamasha, kongamano na ibada zitafutiwe kwingine. Wa pili wanajibu uwanja umejengwa kwa ajili ya wananchi wote, Simba na Yanga hawana hati yake. Binafsi naona pande zote mbili zina hoja ila zote zinamkimbiza mwizi asiyekuwepo, manake ukikaa ukapiga hesabu ya nani hasa anaumaliza ule uwanja jibu halipendezi kwa mashabiki, na mimi ni shabiki.

Tuanze na wenye mpira sababu maumivu yao ni ya kweli kabisa. Machi 2025 CAF, shirikisho la soka Afrika, waliufungia uwanja kwa muda kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea, yaani uwanja wa watu 60,000, uliofunguliwa 2007 kwa msaada wa China, na ambao Serikali ilishaingia mkataba wa ukarabati wa takriban shilingi bilioni 31, unaambiwa nyasi zako hazifai. Ukaruhusiwa tena, Aprili Simba wakamfunga Al Masry ya Misri pale 2-0 kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho na kumtoa kwa penati, watu wakadhani yameisha. Hayakuisha. Mechi ya nyumbani ya nusu fainali na Stellenbosch ya Afrika Kusini ikachezwa Amaan, Zanzibar, na marudiano ya fainali dhidi ya RS Berkane, mechi ambayo Simba anatakiwa kupindua 2-0 za Morocco, nayo ikahamishiwa Amaan. Ikaisha 1-1, kombe likaenda zake. Sisemi kwa Mkapa tungelibeba, Berkane walikuwa wazuri bana, ila mtu akikuambia mzunguko, yale majukwaa ya kiingilio cha chini, uliojaa saa saba mchana haubadilishi kitu kwenye mechi ya namna ile huyo hajawahi kukaa mzunguko. Na achana hata na kombe, fikiria mama ntilie wa Temeke na Keko, bodaboda, wauza jezi, wote wale siku ya fainali walibaki kuangalia kwenye tivii kama mimi.

Sasa swali, hizo nyasi ziliuliwa na tamasha? Hapa ndipo napoachana na kambi ya kwanza. Angalia miezi. Robo fainali, nusu fainali na fainali za CAF zinaangukia kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei, na Dar es Salaam hiyo ni masika, mvua inapiga siku tatu mfululizo, udongo umeshiba maji, halafu juu yake unaweka Simba, Yanga na Taifa Stars, mara nyingine mechi zimefuatana nyasi hazijapata hata nafasi ya kunyanyua kichwa. Udongo ukiwa umelowa na ukakanyagwa unashindiliwa, mizizi inakosa hewa, maji yanakosa pa kupita, hapo hata uzuie matamasha mwaka mzima utavuna tope tu. Mpira wenyewe ndio mtumiaji namba moja wa ule uwanja na ndio mchakavuzi namba moja, hili mashabiki hatupendi kulisikia.

Lakini sitaki kuwasafisha watu wa matamasha kirahisi hivyo. Jukwaa kubwa la muziki linakuja na malori, vyuma, jenereta, na maelfu ya watu waliosimama sehemu moja masaa sita wakirukaruka. Ukitandika zile sakafu za plastiki za kulinda nyasi unapunguza uharibifu, ila nazo zikikaa siku tatu nyasi zinakosa jua na zinapikwa na joto la Dar zikiwa hai. Siku moja zinavumilia, zaidi ya hapo unacheza kamari. Wenzetu wenye hela wametafuta dawa, uwanja wa Tottenham kule London nyasi zake zinagawanyika vipande vitatu zinateleza zinaingia chini ya jukwaa la watazamaji, huku juu wanapiga shoo au mpira wa Kimarekani. Hatuna hiyo na sidhani kama tunaihitaji. Tulicho nacho ni njia ya kukimbilia riadha inayozunguka uwanja mzima, nafasi kubwa tu ya kuweka jukwaa na kuwaacha watu wakae kwenye viti, ingawa nayo ukipitisha lori unaichana, na watu wa riadha wana haki ya kuuliza mbona wao hakuna anayewatetea.

Halafu kuna unafiki wetu wenyewe. Simba Day ni nini? Wiki ya Mwananchi ni nini? Ni tamasha lenye mechi ya kirafiki jioni. Wasanii wanapanda kuanzia mchana, spika zimepangwa, watu wanacheza singeli mpaka basi, na siku ile hakuna shabiki anayeandika kwamba uwanja uachiwe mpira. Yaani muziki ukiletwa na klabu yako ni hamasa, ukiletwa na promota ni uharibifu!

Kambi ya pili nayo ina mapungufu yake. Hoja yao kubwa ni pato, kwamba uwanja mkubwa hivyo una bili ya umeme, maji na mishahara hata siku haujafunguliwa, na mechi ya kawaida ya ligi dhidi ya timu ya katikati ya msimamo haijazi hata robo. Ni kweli. Ila hebu tuwe wakweli, ni wasanii wangapi hapa wanaweza kujaza watu 60,000 kwa kiingilio? Shoo nyingi zinatosha viwanja vya Leaders Club kule Kinondoni na nafasi inabaki. Kwa hiyo matukio yasiyo ya mpira yanayoujaza kweli ule uwanja ni mashindano ya kuhifadhi Qur'an, mikesha na ibada kubwa, na shughuli za kitaifa, na mengi ya hayo hayana kiingilio. Siyapingi, tena jirani pale Uwanja wa Uhuru ndiko bendera ya uhuru ilikopandishwa Desemba 1961, hii ni mila ya muda mrefu kwamba taifa likiwa na jambo linakutana uwanjani. Ninachouliza ni nani analipia nyasi kesho yake.

Kuna kitu kimoja pande zote zinakiruka na mimi ndicho kinachonitisha kuliko tope. Machi 2021 watu 45 walifariki kwenye msongamano Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Mei 2023 kwa Mkapa mtu mmoja alipoteza maisha na wengine kuumia kwenye msukumano wa fainali ya Yanga na USM Alger. Tukio moja la msiba, lingine la mpira. Mageti hayajui kama umekuja kushangilia, kulia au kuomba, na mtu akishauri tuongeze matukio kabla hajaelezea watu wataingiaje na kutokaje mimi simsikilizi sana.

Ningekuwa na sauti ningeanza na kalenda. Tarehe za CAF na Taifa Stars zinawekwa kwanza, masika hakuna kitu kisicho cha mpira kinachogusa nyasi, na klabu nazo mechi ndogo za ligi ziende viwanja vidogo vya hapa Dar kama KMC Complex au Chamazi. Anayetaka uwanja miezi mingine, awe promota, kanisa, taasisi ya Kiislamu au wizara, anaweka dhamana ya nyasi kabla ya kufunga jukwaa, ikiharibika inakatwa. Najua utaniambia hela hiyo italiwa, na siwezi kukubishia sana, ndio maana ningetaka ibandikwe hadharani kila tukio limeacha shilingi ngapi na zimefanya nini.

Ila ugumu hauko kwa promota, promota ukimwambia lipa analipa au anaondoka. AFCON ya 2027 tumepewa sisi, Kenya na Uganda, na kabla ya hapo kuna masika ambayo Simba na Yanga wakiwa bado kwenye mashindano ya CAF watataka mechi zao zipigwe kwa Mkapa, mapato yote na kelele zote. Kiongozi gani atasimama mbele ya mashabiki wa timu hizo mbili awaambie msimu huu mtachezea kwingine?