Uwanja Mzuri Kando ya Kijito Si Mahali pa Kulala

Majira ya joto yanapokaribia, wengi wetu tunaopenda milima huanza kutafuta mahali pa kupiga kambi kwa kutazama picha: ziwa lililotulia, vilele nyuma yake, na hema moja ukingoni mwa maji. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu picha hupigwa mchana kukiwa kukavu, ilhali mahali pa kambi hupimwa usiku na wakati wa mvua.

Niliyaelewa hayo nilipolala kwenye uwanja wa nyasi kando ya kijito ambacho jioni ile kilivukika kwa hatua moja. Mvua haikunyesha nilipokuwa. Ilinyesha juu kabisa, na kabla ya usiku wa manane nikasikia mawe yakigongana ndani ya maji. Nilihamisha hema gizani. Kulipopambazuka niliona kile nilichopaswa kukiona jioni: vijiti na majani yaliyonasa kwenye matawi ya kichaka, usawa wa goti langu, yakiwa makavu, maana yaliachwa na mafuriko ya zamani yaliyopanda juu kuliko yale ya usiku ule.

Wapo waliopatwa na makubwa zaidi. Tarehe 7 Agosti 1996, dhoruba ya alasiri ilimiminika kwenye korongo la Arás, karibu na mji wa Biescas katika milima ya Pyrenees nchini Hispania, na maji yaliyochanganyika na matope na mawe yakaikumba kambi ya watu waliokuwa mapumzikoni, 87 walikufa. Kambi hiyo ilikuwa pale ambapo korongo hufungukia bondeni na kutandaza udongo na mawe linayoyakokota. Ardhi ya namna hiyo huvutia kwa kuwa ni tambarare, lakini mafuriko ndiyo yaliyoisawazisha, nayo hayajaacha kazi yake.

Kwa hiyo siku hizi nahakikisha nafika zikiwa zimebaki angalau saa mbili za mwanga, kwa kuwa mtu anayefika magharibi hachagui, hupokea tu anachokikuta. Natafuta sehemu iliyoinuka kidogo ubavuni mwa mlima, kiasi cha mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, umbali ambao pia huyalinda maji hayo na uchafu wetu na kuwaachia wanyama njia ya kwenda kunywa. Kuinuka huko kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni, hivyo anayelala chini kabisa huamka na hema lililolowa umande huku aliye juu yake kidogo akiwa mkavu. Hata hivyo kupanda hadi kwenye kilele ni kujitafutia radi, ambazo majira hayo hupiga zaidi alasiri.



Kabla ya kukunjua hema najilaza chali pale pale ninapokusudia kulala. Mgongo huniambia kama ardhi imeinama, nami natazama juu kutafuta tawi lililokauka au mti uliokufa ukiwa bado umesimama. Nikiuona, nabeba mzigo na kusogea, hata kama miguu imechoka.