Dereva mlevi: afungwe au atibiwe?

Jirani yetu mmoja pale Tandika aliendesha daladala miaka mingi. Alfajiri mikono ilimtetemeka hata ufunguo ukagoma kuingia kwenye swichi. Akishapiga mafunda mawili ya gongo, mkono unatulia, abiria wanapakiwa. Siku alipokamatwa alilipa faini, na wiki haikuisha akawa barabarani tena. Mtu wa namna hii faini inamfundisha nini?

Ndiyo maana wanaotaka mahakama zipeleke madereva walevi kwenye tiba nawaelewa. Kule Miami, Marekani, tangu 1989 ipo mahakama ya kesi za dawa za kulevya: mshtakiwa anatibiwa huku hakimu akimfuatilia, na akitoroka tiba anarudishwa kwenye kesi. Sisi Dar nako hatuanzi sifuri. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mraibu wa heroini anakwenda kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu, bila malipo.

Lakini methadoni haitibu pombe. Mlevi wa pombe mara nyingi anaishia kwenye nyumba za upataji nafuu, hizi tunazoziita soba, ambako familia ndiyo inayolipa. Hapo ndipo ninapopata hofu. Tukisema tiba iwe badala ya adhabu, mwenye Prado ataingia soba, na kijana wa bodaboda ataingia gereza la Segerea, kwa kosa lile lile. Halafu kuna mama anayemuuguza mwanawe wodini, mguu umefungwa vyuma. Mwambie kwamba aliyemgonga mwanawe anapewa ushauri nasaha tu, uone kama hatalia upya.

Mimi nasema tusiwachanganye watu. Sheria yetu imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Kipima ulevi cha trafiki kinaonyesha mtu amekunywa kiasi gani usiku ule; hakisemi kama anaumwa. Aliyetoka harusini akazidisha, adhabu inamtosha. Anayekamatwa mara ya pili au ya tatu apimwe na daktari, atibiwe kwa amri ya mahakama, na leseni ichukuliwe siku hiyo hiyo. Asirudishiwe kwa sababu tu amemaliza miezi yake soba. Arudishiwe pale daktari atakapothibitisha kwamba ameacha.

Na hela ya kumtibu asiye nacho itoke kwenye faini hizi hizi tunazolipa barabarani kila siku.