Taulo Langu Lisiguswe

Jamani, kuna kazi za kujitafutia lawama, halafu kuna kuosha magari Dodoma. Saa mbili asubuhi nimeshaosha, nimekausha, nimepaka nta, gari linameta kama jino la dhahabu. Saa mbili na robo kinatokea kisulisuli upande wa Nkuhungu, kinazungukazunguka barabarani kama mtu aliyepoteza nauli, mwisho kinakuja kulikumbatia gari lilelile. Mwenye gari anatoka kunywa chai, ananitazama.

"Mkuu, bado hujaanza tu?"

Hujaanza!

Mvua zetu kwa mwaka wa kawaida hazifiki hata milimita 600. Zinaanza Desemba kwa kujivuta, Aprili zimeshaaga. Zikinyesha, wateja hawaji: "Nikuletee la nini na mvua inaniosha bure?" Zikikatika, hawaji vilevile: "Niliosheje na vumbi lote hili?" Sasa mimi nile lini? Nafuu yangu ni Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa mjini. Mashangingi yanapanga foleni, na madereva wana haraka utadhani hotuba wanakwenda kusoma wao.

"Dogo, pitisha maji tu."

Nina miaka 41. Yeye ukimkadiria sana ni 26. Naitwa dogo kwa sababu nimeshika ndoo.

Na hapo kwenye "pitisha maji tu" ndipo ugomvi wangu na dunia unapoanzia. Watu wanadhani uchafu unataka maji na misuli. Vumbi la hapa ni mchanga uliosagwa. Ukilifuta na kitambaa kikavu umelipiga gari msasa. Tazama gari jeusi juani uone vimikwaruzo vya duara, kama utando wa buibui. Havikuja na meli vile. Ni kazi ya mikono ya mwenyewe kila asubuhi, tena mara nyingi kwa fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita.

Mimi kwanza namwaga maji, vumbi lishuke kwa hiari yake. Ndipo shampuu, na shampuu lazima iteleze. Kijana ninayemfundisha kazi hakunielewa mpaka nilipomwambia: mlenda. Tonge la ugali wa uwele likienda kavu linakukwaruza koo. Lichovye kwenye mlenda, linapita hata hujui limepita saa ngapi. Mchanga nao upite hivyohivyo juu ya rangi. Tangu siku ile anaosha vizuri sana, ila ikifika saa nne tu anaanza kusikia njaa.

Ndoo ni mbili, moja ya shampuu, moja ya kusuuzia. Juu kwanza, matairi mwisho. Na kivulini, kwa sababu maji yetu ya kisima yana chumvi; yakikaukia juani yanaacha madoa meupe gari zima kama limepata mba. Kivuli changu ni mwarobaini. Wanasema unatibu magonjwa arobaini. Ndege hawamo kwenye orodha.

Halafu mataulo. Ninayo kumi na moja na yana vyeo. Ya juu kabisa ni matatu, ya bodi, laini hadi unatamani kumfutia mtoto uso. Yanafuata ya ndani, kisha ya rimu, kisha ya matairi, kisha ya injini, ambayo ni kama yamestaafu. Taulo la bodi likidondoka chini mara moja tu, limeshuka cheo. Hakuna rufaa. Chembe moja ya mchanga ikijificha mle, kesho naandika barua kwenye boneti ya mtu. Kijana wangu siku moja aliokota taulo chini, akalikung'uta, akataka kuendelea. Nilipiga kelele mpaka muuza miwa wa ng'ambo ya barabara akakimbilia kwetu na panga mkononi, akijua tumevamiwa.

Mteja naye ana saa zake. Anasema anakuja kuchukua gari saa nne, anakuja saa kumi na moja, na simu amezima. Siku hizi sikasiriki. Nchi iliamua makao makuu yahamie Dodoma mwaka 1973, kufungasha kwa kweli kukaanza 2016. Mimi nani nisimsubiri mtu wa IST?

Ukweni ndiko hawajui hasa nafanya nini. Siku ya posa niliulizwa, nikajibu nashughulika na magari. Baba mkwe akaelewa anavyopenda yeye. Sasa kila nikienda Kongwa nakuta ameita jirani mwenye pikapu mbovu: "Mkwe, isikilize hii, inakohoa." Naisikiliza. Natikisa kichwa kitaalamu. Halafu naiosha. Mwenye pikapu anasema sasa inawaka vizuri zaidi, na mzee ananiangalia kwa fahari. Niseme nini? Hata kuendesha sijui! Miaka tisa nashika usukani wa magari ya watu kwa brashi tu.

Lakini ngoja niwape siri, msiwaambie wateja wasije wakapunguza bei. Nikishaingia ndani ya gari nikafunga milango yote minne, dunia inakatika. Yule jamaa wa kipaza sauti, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, anasikika kama yuko Singida. Honi za bodaboda zinageuka mbu. Nachukua brashi ndogo, naanza na matundu ya kiyoyozi, kijitundu kimoja kimoja, vumbi linatoka kama pumzi. Ada ya mtoto, marejesho ya kikoba, mwenye nyumba, vyote vinakaa nje ya kioo vinanisubiri, na haviruhusiwi kugonga. Chini ya siti nakuta mbegu za zabibu, maganda ya karanga, risiti za mafuta, na safari nyingine hereni moja. Hereni haiachwi kwenye dashibodi. Inaingia kwenye bahasha, anakabidhiwa mwenye gari mkononi, akiwa peke yake. Mji huu una ndoa kadhaa ninazozilinda bila posho.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mstaafu na IST yake. Taa za mbele njano kama macho ya mgonjwa wa ini. Usiku anaendesha kwa kukisia. Nikampa shikamoo, nikamweleza: kioo hiki ni plastiki, kina ngozi nyembamba ya kukikinga na jua, na jua la Dodoma limeshaila ile ngozi. Tuikwangue, ing'ae, tuipake nyingine. Akasema, "Haya kijana, kwangua."

Nikaanza na msasa namba 800, na maji. Sasa wenye kazi hii mnajua: msasa wa kwanza unaifanya taa iwe mbaya kuliko ilivyokuja. Inakuwa nyeupe tii, kama glasi ya maziwa. Mzee akasimama.

"Kijana, umenipofusha gari!"

"Mwalimu, bado. Hii ni hatua."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na tano. Najua jibu lililokosewa nikiliona."

Akanisimamia kichwani. Namba 1500, anaguna. Namba 2000, ameacha kuguna. Hapo mkono wako unasikia wenyewe: msasa unaacha kukwaruza, unaanza kunong'ona. Namba 3000, sikumsikia tena mzee, wala barabara, wala muuza miwa. Ilikuwa taa na mimi. Nikapiga polishi, nikafuta, nikapaka kinga mpya, maana ukiiacha bila kinga miezi si mingi njano inarudi na ndugu zake. Taa ikatazamika mpaka ndani, balbu inaonekana kama samaki kwenye maji safi.

Mwalimu akainama. Akavaa miwani. Akainama tena. Akatoa kalamu mfukoni kama anayetaka kutia vema, akakumbuka hili si daftari, akairudisha. "Njia yako ndefu," akasema, "lakini jibu ni sahihi." Akanilipa yote bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo kwa mstaafu ni sawa na kupigiwa mizinga ishirini na moja.

Nikarudi nyumbani Chang'ombe natembea kifua mbele, hata vumbi lililonipiga njia nzima sikulijali. Nilikuwa nimebeba yale mataulo matatu ya bodi nikayafue kwa mkono mwenyewe, maana sabuni ya unga siiamini. Nikayaweka kwenye kiti, nikaenda kuoga.

Natoka bafuni, mama watoto anaepua sufuria ya ugali jikoni, ameishika kwa kitu laini, cha bluu, kimekunjwa vizuri mara nne.

"Hiki kitambaa kizuri," akasema. "Hakipitishi moto. Vingine kama hivi vipo?"

Nilisimama pale na ndala zangu. Nikakaa, nikala, mlenda ulikuwa mzuri kweli. Nilipomaliza nikaliokota lile taulo, nikalikung'uta masizi, nikalipeleka polepole kwenye fungu la matairi.

"Kwani limekufanya nini?" akauliza.

Nikamwambia aniongezee mboga.