Mahindi Yamekauka kwa Kazi Gani?

Kuanzia Mbozi mpaka Makambako, ikifika Julai mahindi huwa na hali mbili tu midomoni mwa watu: yamekauka, au bado. Mnunuzi hung'ata punje, ikilia "ka!" anapakia. Mazoea haya ya ndiyo au hapana yanamtia mkulima hasara kuliko hata huyo dalali anayelaumiwa kila msimu.

Ukavu ni kiasi, na kila kazi ina kiasi chake. Doa jeusi likitokea kwenye kitako cha punje, hindi limekomaa, lakini bado lina unyevu wa asilimia 30 hivi. Anayesema yamekauka kwa maana ya kuvuna hajakosea. Ukiyapukuchua kwa mashine yakiwa na unyevu juu ya asilimia 20, punje zinapasuka. Kiwango cha kuuza ni 13.5, na mifuko isiyopitisha hewa inataka 13 au chini yake. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana sokoni kutwa nzima juu ya gunia moja, na wote wakawa wakweli.

Kipimo cha chumvi ndicho kinachoponza wengi. Unachukua chupa kavu yenye kifuniko, unatia mahindi theluthi moja na kijiko cha chumvi kavu, unatikisa, unaacha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi 15. Isipoganda, furaha! Lakini chupa imesema tu kwamba uko chini ya 15. Mahindi ya 14.5 yanafaulu mtihani huu, kisha yanakataliwa mizani.

Hesabu ya uzito nayo inachochea ubishi. Kilo 100 zenye unyevu wa 18, zikishushwa hadi 13.5, zinabaki kilo 94.8 hivi. Kilo tano zimekwenda na maji, na si wizi wa mtu. Muuzaji anayeuza mapema anauza maji hayo kwa bei ya mahindi, naye mnunuzi anayejua atakata bei mara mbili ya hapo.

Tena ukavu haudumu. Gunia lenye unyevu wa 13 likiwekwa kwenye sakafu ya saruji huko Rungwe au Njombe, kwenye ukungu na manyunyu, linanyonya unyevu upya. Yapange magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta. Kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, macho hayatoshi: punje safi kwa kuitazama inaweza kuwa nayo.

Mnunuzi akija na kipimo cha umeme, mwambie achome gunia juu, katikati na chini, na akuonyeshe namba. Mahindi yaliyotoka kwenye turubai juani yaache yapoe kivulini kwanza, kwa sababu punje za moto hupotosha usomaji.