Daraja Limezeeka: Wananchi Waulizwe Nini, na Lini?

Kubadilisha daraja la barabara kuu lililochoka ni kazi inayogombanisha watu wenye nia njema. Mhandisi anasema chuma hakingoji mikutano: kila mwaka unaopotea katika kukusanya maoni ni mwaka mwingine wa malori kupita juu ya nguzo zilizochoka. Mkazi wa kando anamjibu kwamba daraja jipya litakaa mlangoni pake na pa wajukuu zake, na nyumba itakayobomolewa ni yake, si ya mhandisi. Wote wawili wana hoja. Nionavyo mimi, kubishana iwapo wananchi washirikishwe au wasishirikishwe ni kupoteza muda. La kubishaniwa ni wanaulizwa jambo gani, na kama uamuzi wenyewe bado uko wazi wanapoulizwa.

Anayeichoka mikutano ana ushahidi mzito. Daraja la Tappan Zee, juu ya mto Hudson kaskazini mwa jiji la New York, lilifunguliwa mwaka 1955, na mipango ya kulibadilisha ilianza kuzungumzwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya muongo ukapita. Serikali ya gavana wa jimbo hilo, Andrew Cuomo, ilipenda kuzitaja takwimu za kipindi hicho: mikutano 430, mapendekezo 150, dola milioni 88 zimetumika, na mtoni hakuna hata nguzo moja mpya. Mradi ukaharakishwa kuanzia 2011, na pande mbili za daraja jipya zikafunguliwa 2017 na 2018.

Takwimu hizo, hata hivyo, zina upande wa pili. Katika miaka hiyo yote watu walijadili reli na njia maalumu ya mabasi juu ya daraja. Mradi ulipoharakishwa, reli na mfumo huo wa mabasi viliondolewa ili gharama ipungue. Aliyetoka kazini jioni akaenda kutoa maoni yake kuhusu reli alikuwa akijibu swali ambalo baadaye lilifungwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa sababu ya fedha. Mikutano 430 si lazima iwe dalili ya ushirikishwaji mwingi. Yawezekana ikawa dalili kwamba hakuna aliyekuwa tayari kusema fedha zipo kiasi gani.

Mfano wa Genoa, Italia, ni mgumu zaidi, maana unawachoma wa pande zote. Mwaka 2009 jiji hilo lilikuwa na mjadala wa hadhara kuhusu barabara kuu mpya iliyoitwa Gronda, ya kupunguza mzigo wa magari uliolemea daraja la Morandi, lililofunguliwa 1967. Ulikuwa mjadala wa kwanza wa aina yake nchini humo, na njia tano ziliwekwa mezani. Kwa kipimo chake ulifanikiwa: njia iliyochaguliwa ilifanyiwa marekebisho na nyumba za kubomolewa zikapungua. Lakini upinzani haukuisha. Mwaka 2013 kamati za wapinzani wa Gronda zilitoa tamko lililoyaita maonyo kwamba Morandi liko karibu kuanguka kuwa ni hadithi ya kubuni tu. Agosti 14, 2018 daraja likaanguka na kuua watu 43.

Ni rahisi kuwatwisha wapinzani hao mzigo wote, na wapo waliofanya hivyo. Hiyo si haki. Nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege zilikuwa zimeliwa na kutu. Nguzo namba 11 iliimarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Namba 9, ndiyo iliyoanguka, haikupata uimarishaji kama huo. Kazi ya aina hiyo haihitaji kibali cha mkutano wowote wa hadhara. Kosa la kamati lilikuwa kutoa hukumu juu ya uimara wa daraja, jambo lisiloonekana kwa macho wala kuamuliwa kwa wingi wa sauti. Na hapo lawama inarudi pia kwa wenye vipimo. Ripoti za ukaguzi zikibaki makabatini, au zikitolewa kwa lugha ya wahandisi pekee, mwananchi atabaki kuchagua kati ya kuamini asichokiona na kudhani anatishwa ili akubali mradi.

Wapenda haraka hutaja Genoa hiyohiyo kwa sababu nyingine: daraja jipya lilifunguliwa Agosti 3, 2020, chini ya miaka miwili tangu ajali. Meya Marco Bucci alifanywa kamishna maalumu mwenye mamlaka ya kukwepa taratibu nyingi za kawaida za zabuni, na usanifu ulitokana na wazo la msanifu majengo Renzo Piano, mzaliwa wa jiji hilo. Minneapolis, Marekani, nako, daraja la barabara kuu ya I-35W lilipoanguka Agosti 1, 2007 na kuua watu 13, jipya lilikuwa likipitisha magari Septemba 18, 2008. Basi, wanauliza, mikutano ya nini?

Swali hilo linasahau kilichoununua mwendo huo. Daraja likishaanguka, maswali karibu yote yamejifunga yenyewe. Barabara za pande zote mbili zipo, njia ni ileile, hakuna anayebisha kama la zamani lilikuwa salama, na fedha hutolewa bila wabunge kugombana sana. Maafikiano yamelipiwa kwa maiti. Daraja bovu ambalo bado limesimama halina hata kimoja kati ya hivyo. Tena hata Minneapolis hawakunyamazisha watu: mawasiliano na umma na mwonekano wa daraja vilikuwa na alama zake katika kuchagua mkandarasi, aliyeshinda hakuwa wa bei ya chini kabisa, na jiji lilishikilia hadi daraja likasanifiwa liweze kubeba reli nyepesi siku za usoni. Kusikiliza kuliwezekana ndani ya haraka kwa sababu yaliyobaki kuulizwa yalikuwa machache.

Chanzo cha ajali ya Minneapolis kinaonyesha pia mpaka wa busara ya umma. Mabamba ya chuma yanayounganisha mihimili yalikuwa membamba kuliko ilivyohitajika tangu mchoro wa awali, na daraja likadumu hivyo kwa miaka 40. Hakuna mkutano wa wakazi ambao ungeligundua hilo. Wahandisi wenyewe halikuwashtua.

Kuna pia suala la nani anayefika mkutanoni. Wa jirani hufika, mwenye duka pale karibu hufika. Dereva anayevuka mara moja kwa wiki akitokea mbali hafiki, ingawa ndiye atakayelipa tozo na kuhangaika kwenye mchepuko. Kwa hiyo sauti za ukumbini zisichukuliwe kuwa kura ya watumiaji wa daraja.

Lakini yapo mambo ambayo mhandisi hayaoni asipoambiwa. Madaraja pacha ya barabara kuu ya I-5 kwenye mto Columbia, kati ya majimbo ya Oregon na Washington huko Marekani, moja ni la 1917 na jingine la 1958. Mradi wa kuyabadilisha ulimeza karibu dola milioni 200 za mipango, kisha ukafa 2013 hadi 2014, baada ya seneti ya jimbo la Washington kukataa kuufadhili. Tozo na reli nyepesi vilikuwa vimewagawa watu. Kabla ya hapo daraja jipya lilikuwa limechorwa futi 95 juu ya maji, na viwanda vya vyuma vilivyo upande wa juu wa mto vikasema mizigo yao haitapita. Kimo kikapandishwa hadi futi 116, na wenye viwanda wakaahidiwa fidia. Wanaopitisha mizigo mtoni walipaswa kuulizwa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, maana kimo huamua mteremko, urefu wa daraja, gharama, hata nyumba zitakazobomolewa kila upande.

Mradi ulifufuliwa 2019, na waliochora walirudi na futi 116. Mwaka 2022 walinzi wa pwani wa Marekani, wanaotoa kibali cha madaraja juu ya mito ya meli, walitoa msimamo wa awali: lisiwe chini ya futi 178, sawa na kimo ambacho daraja la zamani hufikia linapoinuliwa kupisha meli.